Usinisomee, Nieleze

Sheria ya nyumba ile ilijulikana na kila aliyevuka kizingiti chake: simu inaponena Kiingereza, binadamu hunyamaza. Atakayefungua kinywa kabla sauti haijakoma atasugua sufuria zote za siku hiyo, ndani na nje, mpaka masizi yatoke. Hapakuwa na rufaa wala nusu adhabu. Aliyeitunga alikuwa mama wa mwenye nyumba, bibi aliyetumia ujana na utu uzima wake akisimamia mabweni ya wasichana, na ambaye mtaa mzima ulimwita Matroni kana kwamba ndilo jina alilozaliwa nalo.

Aliyetungiwa sheria hiyo ni mkwewe, karani wa mahakama.

Karani huyu alikuwa hodari wa kazi yake. Aliketi mbele ya meza ya hakimu, kichwa kimeinama, akiandika kwa mwandiko wa mviringo kila kilichotamkwa na shahidi, mshitaki na mshitakiwa. Siku alipoajiriwa aliambiwa kwamba karani haongezi neno wala hapunguzi, naye akaishika amri hiyo kama mtoto anavyoshika kidole cha mamaye sokoni. Mahakimu walibadilishwa, mapazia yalichakaa, lakini hakuna jalada lililowahi kurudishwa kwake kwa upungufu wa neno hata moja.

Kisha mkalimani mzee akastaafu. Kiti chake kando ya kizimba kikabaki kitupu, na karani akakitamani. Hakukitamani kwa cheo. Wakati wote aliokaa pale mbele hakuna aliyemtazama. Watu huzungumza juu ya kichwa cha karani kama wanavyozungumza juu ya meza. Lakini mtu aliyefikishwa mbele ya sheria inayonena lugha asiyoijua humtazama mkalimani machoni, akamng'ang'ania kama aliyetumbukia kisimani anavyoing'ang'ania kamba. Karani alitaka kuwa kamba hiyo.

Mtihani wa ukalimani ulikuwa mfupi na mgumu. Mtahiniwa alisikilizishwa maelezo ya Kiingereza mara moja tu, akaandika vidokezo vyake, kisha akasimama mbele ya watahini kueleza kwa Kiswahili yaliyosemwa. Karani alikwisha kuufanya mara moja, akaanguka vibaya. Kiingereza alikijua vizuri tangu shuleni, na masikio yake yalikuwa mazima. Kilichomwangusha ni kalamu yake. Aliiandika sentensi ya kwanza yote, neno kwa neno, na nukta akaiweka mahali pake. Alipoinua kichwa, mnenaji alikuwa anaaga. Kanuni ziliruhusu jaribio la pili. La tatu halikuwapo.

Ndipo mazoezi ya nyumbani yalipoanza. Kila jioni, chakula kikitokota jikoni, mumewe ambaye alikuwa seremala alipangusa unga wa mbao kwenye meza, akaweka simu pamoja na kispika kidogo, akatafuta rekodi ya mazoezi. Dada wa seremala, msusi aliyepanga nyumba ya pili, alikuja na kiti chake mkononi, kwa sababu, alisema, nyumba inayokatazwa kusema ndiyo yenye mambo. Rekodi haikurudiwa kamwe, maana hata mtihani haurudii.

Jioni ya kwanza walisikia mwanamume na mwanamke wakijibizana. Matroni hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini ugomvi aliutambua kwa mlio wake, akasogeza kiti. Sauti ilipokoma alimgeukia mkwewe.

"Haya. Amesema nini?"

Karani aliinua karatasi yake, akasafisha koo, akasoma: "Bwana mwenye nyumba, nimekuja kwako asubuhi hii kwa heshima, kuhusu jambo la paa la chumba ambacho..."

"Ambacho nini?"

"Basi, mama. Niliishia hapo."

Msusi alijipiga paja. "Wifi, watu wamefokeana humo mpaka nikadhani watashikana mashati, wewe umetuletea salamu tu."

"Nyamaza wewe," alisema Matroni, kisha akamrudia mkwewe. "Paa limefanya nini?"

"Nadhani linavuja."

"Unadhani. Na yule mwanamume alikuwa akicheka nini?"

Karani hakujua. Matroni alikula chakula chake bila raha jioni ile, akitazama dari kana kwamba ndiyo iliyovuja. Alikuwa mtu asiyeweza kuvumilia habari iliyokatwa mkia. Walipomaliza kula alinyosha mkono, akaichukua karatasi ya karani pale mezani, akaiweka juu ya kiti chake, akaikalia.

"Mabwenini wasichana walikuwa wakija kwangu wawili wawili, wanalia, kila mmoja na hotuba yake," alisema. "Kama ningeyaandika yote waliyosema ningekuwa ningali huko. Usinisomee, mwanangu. Nieleze. Nani amemfanya nini nani, na sasa anataka nini. Mengine ni machozi."

"Mama, mimi nimekula kiapo cha kutopunguza neno."

"Umekila mahakamani. Hapa ni kwangu."

Jioni iliyofuata Matroni alikata pakiti tupu ya majani ya chai kwa mkasi, akampa karani kipande kisichozidi kiganja. "Hii ndiyo karatasi yako. Ikijaa, imejaa."

Karani alijitetea kwa ujanja ambao hakuwahi kuutumia ofisini. Alichonga penseli ikawa kama sindano, akaandika herufi ndogo mno, mstari juu ya mstari, mpaka kipande kikawa cheusi. Matroni alikipokea, akakisogeza mbali na macho, akakileta karibu, akampa binti yake.

"Hebu nisaidie. Hii ni habari ama ni siafu?"

"Siafu, mama," alijibu msusi. "Na wanahama."

Seremala alicheka mpaka akajifuta machozi. Karani mwenyewe alibana midomo, lakini kicheko kilimtoroka puani. Na lililomuuma zaidi ya kicheko ni kwamba, siafu wote wale wakiwa wamejipanga mkononi mwake, bado hakuweza kusema kama mtu wa kwenye rekodi ya jioni ile alirudisha jokofu dukani au alinunua jingine.

Usemi wa wahenga kwamba mtaka yote hukosa yote alikuwa ameunakili kwa mwandiko mzuri tangu akiwa mwanafunzi, na hakuwahi kudhani kwamba ulikuwa ukimtaja yeye.

Alianza kujinyima. Kwanza aliacha salamu. Kisha akaacha maneno ya kujazia, yale ambayo mnenaji huyatumia akitafuta mengine. Badala ya kuandika "paa linavuja" alichora pembe na tone chini yake. Mtu aliyekwenda mahali akawa mshale. Aliyekataa akawa mshale uliokatwa. Mwenye hasira alipewa mstari mmoja wa nyusi. Mara ya kwanza alipofanya hivyo alijiona kama mtu anayetoka nje bila viatu.

"Naona kama ninawaibia," alimwambia mumewe walipokuwa wakifunga madirisha. "Mtu amesema maneno yake, mimi nayaacha chini."

"Mimi nikichonga kiti naondoa mbao," alisema seremala. "Hakuna aliyewahi kusema nimeiba mti."

"Mbao haikula kiapo."

"Haya, hapo umenishinda," alisema mumewe, akakaza komeo.

Lakini hakuacha, na mambo yakaanza kuchangamka. Ilitokea jioni moja rekodi ikamleta mwanamke aliyepotelewa na sanduku lake safarini, akalipigania kaunta hadi kaunta. Karani alisikiliza akiwa ameinua kichwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, penseli ikigusa karatasi kwa nadra kama kuku anayedonoa. Sauti ilipokoma hakuna aliyehitaji kuuliza. Alikitazama kipande chake mara moja, akaanza kueleza, na maneno yakamjia ya Kiswahili, yake mwenyewe, yakifuatana kama shanga kwenye uzi: sanduku lilikopelekwa, nani aliyekana, alivyoitwa msimamizi, na namna lilivyopatikana mikononi mwa abiria aliyefanana naye kwa mavazi.

"Alimwomba radhi?" aliuliza Matroni, akiwa amekaa kwenye ncha ya kiti.

"Aliomba. Mwanamke akamwambia radhi yake ameipokea, lakini sanduku alifungue palepale mbele ya watu."

"Safi kabisa. Mwanamke ana akili huyo."

"Akalifungua?" aliuliza msusi.

"Hapo ndipo rekodi ilipoishia."

Matroni na binti yake waliguna kwa pamoja. Seremala alikuwa ameacha patasi mkononi, kinywa wazi. Karani aliwatazama wote watatu wakimtazama yeye, machoni, wakisubiri neno kutoka kwake, na damu ikamkimbia mwilini kwa furaha ambayo hakujua aiiteje.

Tangu hapo jioni haikufika upesi vya kutosha. Msusi aliwaambia wateja wake warudi kesho. Sufuria nazo hazikukosa mtu. Siku moja seremala alipiga chafya katikati ya maelezo juu ya nyuki, na kesi ikasikilizwa palepale.

"Chafya si neno," alijitetea.

"Chafya si neno," alikubali mama yake. "Lakini baada ya chafya ulisema 'samahani.' Hilo ni neno. Sufuria ziko nje."

"Mama, hiyo ni adabu uliyonifundisha mwenyewe."

"Na kusugua nilikufundisha pia."

Siku ya mtihani karani alivaa gauni lake la kazini, akamwamkia mama mkwe, akapokea dua yake, akaenda. Katika korido ya jengo la mtihani watahiniwa walikaa bila kuzungumza. Wengine walikuwa vijana waliosomea lugha vyuoni, na mmoja wao alimuuliza kwa heshima, "Mama, umemleta nani?" Akamjibu kwamba amejileta.

Chumbani waligawiwa vipokea sauti vya masikioni, na kila mmoja karatasi kubwa, nyeupe, yenye mistari. Karani aliitazama karatasi ile, na ile karatasi ikamtazama. Ilikuwa sawasawa na karatasi za mahakamani. Kisha sauti ya mwanamke ikaanza kusema masikioni mwake, na hilo lilikuwa baya kuliko karatasi, kwa kuwa mwanamke yule alikuwa anatoa ushahidi.

Mazoea yana taabu. Kabla hajajua, kichwa kilikwisha kuinama na mkono ulikuwa mbioni: *Asubuhi ya siku hiyo nilifungua duka langu mapema kuliko desturi, kwa sababu...* Mwandiko ulikuwa wa mviringo, mzuri. Alipofika kwenye mkato, sababu ilikuwa imekwisha kutajwa na kupita, na mwanamke alikuwa ameingia katika jambo jingine ambalo karani hakulijua mwanzo wake. Alihisi kiti cha mkalimani kikiondoka chini yake kabla hajakikalia.

Akaweka kalamu chini. Akaikunja karatasi mara moja, akaikunja tena, akaikunja tena, mpaka ikabaki kiganja kimoja, na mstari wake mzuri ukafichwa ndani. Msimamizi alimtazama kwa mshangao. Karani aliinua kichwa, akaelekeza macho ukutani, akamsikiliza mwanamke yule kama jirani aliyeingia uani mwake na jambo lililomkaa rohoni. Nani amemfanya nini nani. Kalamu ilidonoa. Gurudumu. Ukuta uliolala. Mkono unaopunga. Mshale, na mshale mwingine ukirudi. Moyo ulimdunda, lakini sasa ulidunda kama wa mtu anayekimbia na anajua njia.

Alipoitwa mbele ya watahini watatu alisimama wima. Mkubwa wao, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alimwambia aeleze.

"Mwanamke huyu ana duka," alisema karani. "Alikuwa mlangoni pake wakati lori liliporudi nyuma likabomoa ukuta wa jirani yake. Watu wote wanamlaumu dereva. Yeye anasema dereva hakurudi nyuma kwa akili yake. Jirani mwenyewe ndiye aliyempungia mkono arudi, na alipunga huku anazungumza kwenye simu, ukuta ameupa mgongo. Jirani huyo ni rafiki yake, wamefaana kwa mengi, na kwa ajili hiyo amekaa kimya muda wote. Lakini amesikia kwamba dereva amefukuzwa kazi. Sasa anataka kusema mbele ya hakimu alichokiona, na anaomba ushahidi wake usisomwe jirani akiwapo, kwa sababu anataka kumwambia mwenyewe kwanza, ana kwa ana."

Mtahini aliandika kitu. "Umemaliza?"

Hapo palikuwa na njia mbili, na karani aliziona zote. "Sijamaliza, mheshimiwa. Anaanza kwa kusema siku hiyo alifungua duka mapema kuliko desturi, na anataja sababu. Sababu hiyo imenipita. Nilikuwa nikiandika."

"Wenzako wametaja sababu," alisema mtahini wa pembeni. "Ungeweza kukisia. Mtu hufungua duka mapema kwa sababu zinazojulikana."

"Ningeweza, mheshimiwa. Lakini shahidi hakuniomba nikisie. Kupunguza nimejifunza juzi. Kuongeza sitajifunza."

Watahini walitazamana. Mwenye miwani aliivua, akaiacha ining'inie kifuani. "Nenda," alisema. "Utapigiwa simu."

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko mtihani. Nyumbani hakuna aliyeuliza mara mbili. Karani aliwaeleza yote, na sababu iliyompita hakuificha. Msusi alisema watahini wakimwangusha kwa sababu moja ya duka atakwenda kuwasuka wakiwa wamelala. Matroni alikaa akipapasa ukingo wa kanga yake, kama alivyofanya zamani kila msichana wa bweni lake alipochelewa kurudi.

Simu ililia adhuhuri, saa ya mapumziko ya kazi, sahani zingali mezani, wote wanne wakiwapo. Karani aliona namba asiyoijua. Aliiweka mezani, akabonyeza kispika, na sauti ya mwanamume ikamwamkia kwa Kiingereza kirefu cha ofisini.

Matroni aliinua kidole. Nyumba ikanyamaza kimya.

Sauti ilijitambulisha, ikataja idara, ikataja kanuni ambayo mtihani ulifanyika chini yake. Karani alivuta kipande cha pakiti ya chai, penseli ikasimama tayari. Sauti ilisema watahiniwa walikuwa wengi mwaka huu. Ikasema kiwango kilikuwa cha juu. Ikasema watahini walijadiliana kwa kirefu juu ya mtahiniwa mmoja aliyekiri pengo katika maelezo yake. Penseli haikudonoa. Wale watatu wasiojua Kiingereza walikuwa wameukazia macho uso wa karani kama watu wanaotazama maziwa jikoni, wakichelea yasifurike wakiwa wamegeuka. Seremala alishika ukingo wa meza yake kwa mikono miwili. Sauti ilisema kwamba mkuu wa watahini alitoa hoja kwamba mahakama inaweza kumvumilia mkalimani anayesahau, lakini haiwezi kumvumilia anayetunga. Na kwamba hoja hiyo ilikubaliwa. Na kwamba kwa hiyo wanayo furaha kumwarifu...

"Nimefaulu!"

Ilikuwa sauti ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuisikia ikitoka kwa karani. Kuku wa uani walitawanyika. Alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake, mikono kichwani, na alikuwa akirudia neno lile, sasa kwa kunong'ona, huku mwanamume wa simu akiendelea kusema yake kwa utaratibu, kipengele baada ya kipengele, mpaka akaaga na kukata. Msusi alikwisha kumrukia wifi yake shingoni. Seremala alikuwa amekaa kitako, akilia bila kujificha.

Kwenye kipande cha pakiti ya chai hapakuwa na alama hata moja.

Matroni alingoja mpaka vurugu itulie. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mgongo ulikuwa umenyooka.

"Na baada ya kufaulu, amesema nini? Alisema mengi yule."

Karani alikitazama kipande chake kitupu. "Sijui, mama. Sikusikia."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Nafikiri ni siku ya kuanza kazi," alisema seremala, akijifuta uso kwa mkono wenye unga wa mbao.

"Barua italeta," alisema karani, na hakujali, naye mwenyewe akashangaa kwamba hakujali.

"Barua italeta," alikubali Matroni. "Na simu ilikuwa bado inanena Kiingereza ulipopiga ukelele. Au nimekosea?"

"Hukukosea, mama."

"Mama jamani," alisema msusi, "leo? Nipe mimi hizo sufuria."

"Wewe umefaulu mtihani gani? Kaa chini."

Karani hakungoja kuambiwa tena. Alikunja mikono ya gauni, akatoka uani, akachota jivu, akachukua sufuria ya kwanza akaipigia magoti. Alizisugua zote, ndani na nje, ile kubwa ya masizi mazito akaiacha ya mwisho, na alipokuwa akiisugua alikuwa akijieleza peke yake, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza tena, jinsi lori lilivyorudi nyuma na nani aliyepunga mkono. Jua lilikuwa limekwisha kuelemea magharibi alipoziegemeza ukutani zikauke.

Matroni alitoka kwa mwendo wake wa ukaguzi. Aliinua sufuria kubwa, akaipindua, akapitisha kidole kwenye kitako chake, akakitazama kidole. Kilikuwa safi.

"Umelipa," alisema, akairudisha ukutani.